Mahali Panapoweza Kumkatalia Mfalme

Katika miaka yangu ya kufundisha historia, hakuna maelezo yaliyowaingia wanafunzi kwa urahisi kama haya: kwamba dini za kale zilitungwa na wakubwa ili wadogo watii. Ukishamwambia kijana hivyo, hana haja ya kuuliza tena. Mlima mtakatifu? Ujanja wa mtemi. Msitu usiokatwa? Kitisho cha mganga. Tambiko la mvua? Njia ya kukusanya ng'ombe za watu. Mtihani anaujibu, alama anapata, na anatoka darasani akiwa na hakika kwamba babu yake alikuwa mtu wa kudanganywa.

Sasa nimestaafu, nakaa Iyunga, hatua chache kutoka stesheni ya TAZARA. Asubuhi ukungu ukipanda naiona safu ya milima ya Mbeya, na Loleza ikiwa na minara ya mawasiliano kichwani. Baba yangu alikuwa Msafwa wa huku huku, mama yangu alizaliwa Rungwe, na mimi ni mzee wa kanisa la Moravian. Watu wote watatu hao, Msafwa, Mnyakyusa na Mmoravian, wamo ndani yangu na hawakubaliani kuhusu mlima. Ndiyo maana swali hili siliachi: mlima, msitu au jabali hupata utakatifu wake kwa kupewa na mtawala, au mtawala ndiye anayekwenda kuuomba? Na kama ni yeye anayeomba, anaweza kunyimwa?

Nianze na ushahidi wa wale wasioamini, maana ni mzito. Uko mbali, katika milima ya Andes nchini Peru, mahali paitwapo Chavín de Huántar, zaidi ya mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Hekalu la mawe lilijengwa pale zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Ndani yake mna vichochoro vya giza totoro, na katikati ya kimojawapo limesimama jiwe la kuchongwa lenye urefu wa kama mita nne na nusu, uso wake wa mtu mwenye meno ya chui. Mwaka 2001 wanaakiolojia waliokuwa wakiongozwa na John Rick walifukua humo baragumu 20 za makombe makubwa ya baharini, kutoka bahari iliyo safari ya siku nyingi. Rick anaeleza kwamba makuhani wa Chavín walipanga kila kitu kwa makusudi: giza, mlio wa makombe usiojulikana unatoka wapi, maji yanayonguruma katika mifereji chini ya sakafu, dawa za kulewesha akili. Mgeni aliingia mtu wa kawaida, akatoka akiamini kwamba wenye hekalu si watu wa kawaida. Cheo kilizaliwa gizani.

Siwezi kulipinga hilo. Lakini Chavín ni jengo. Mtu alilichora, akalijenga, akashika ufunguo wa mlango. Tukitaka kujua kama utakatifu wote ni ujanja, tuangalie mahali ambapo hakuna aliyejenga. Hao hao watu wa Andes walikuwa napo kwa wingi. Padri Bernabé Cobo, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1653, aliacha orodha ya mahali patakatifu 328 kuuzunguka mji wa Cusco, pakiwa pamepangwa katika mistari inayotoka katikati ya mji kuelekea pande zote. Walipaita waka. Ukiisoma orodha hiyo unategemea mahekalu ya dhahabu, unakuta zaidi chemchemi na mawe. Chemchemi ile ina ukoo wake unaoihudumia, jiwe lile lina watu wake wanaolipelekea sadaka. Mfalme wa Wainka aliyakuta mengi ya hayo, na koo zile zilikuwa nayo kabla yake.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna ya kwetu, na hatukuwa na haja ya mawe ya kuchonga. Wilayani Rungwe kuna Lubaga, msitu wa Lwembe. Lwembe alikuwa mfalme-kuhani wa Wanyakyusa, na ukoo wake ulisemekana kutoka Ukinga, ng'ambo ya milima ya Livingstone. Machifu wa Unyakyusa walipeleka ng'ombe Lubaga, na makuhani wa Kikinga wakavuka milima wakileta majembe na chumvi. Tunajua mengi kuhusu matambiko hayo kwa sababu Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakaongea na makuhani na waleta mvua, na zaidi ya wote mzee Kasitile. Godfrey alifariki mwaka 1944. Mkewe ndiye aliyekamilisha kazi, akatoa kitabu juu ya matambiko ya jumuiya mwaka 1959.

Mambo ambayo wazee walimsimulia Monica Wilson yanakwenda kinyume kabisa na somo nililokuwa nikilifundisha. Lwembe hakuruhusiwa kuugua, maana uzima wa nchi ulikuwa ndani ya mwili wake. Akizeeka au akishikwa na maradhi, makuhani walimzibia pumzi kabla hajafa kifo cha kawaida. Nywele na kucha zake zilitolewa angali hai, zikatunzwa ili rutuba isiondoke nchini pamoja naye. Kwa sababu hiyo wanaume wa ukoo ule walikimbia walipohisi kwamba zamu imewafikia, na makuhani walilazimika kumkamata wanayemtaka. Nawauliza wale wanaosema dini ni joho la wakubwa: ni mkubwa gani anayekimbia joho lake?

Nilipokuwa bado nafundisha nilimuuliza mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyekulia jirani na moja ya misitu ya machifu kule Rungwe. Nilikuwa na daftari mkononi kama mwalimu wa kweli.

"Mama mkubwa, mlikuwa mnaogopa nini mle msituni?"

Alicheka, akaweka chini ungo wake. "Mwanangu, sisi tuogope nini? Tulikuwa hatuingii, basi. Aliyekuwa akiogopa ni chifu. Yeye ndiye aliyekuwa anaingizwa."

Niliandika jibu hilo nikidhani ni utani wa kizee. Baadaye, nikisoma namna chifu wa Kinyakyusa alivyotawazwa, niliona kwamba mama mkubwa alikuwa amenieleza katiba ya nchi yake. Wana wakubwa wa chifu walipokomaa, lilifanywa tambiko kubwa la kuwatoa nje, liitwalo ubusoka. Nchi iligawanywa, miti ikapandwa kuwa alama ya utawala mpya, na wakuu wa vijiji wakachaguliwa. Wakuu hao hawakutoka katika damu ya chifu, walikuwa watu wa kawaida. Baba mtu, chifu wa zamani, alitarajiwa kufa muda si mrefu baada ya hapo. Na chifu aliyekuwa mchoyo au mkali aliweza kupigwa na kile ambacho Wanyakyusa walikiona kama pumzi ya baridi ya watu wake: hasira ya kijiji iliyomwingia mwilini ikamwangusha kitandani. Akifa, miti iliota juu ya kaburi lake, ikawa msitu, na mrithi wake akaletwa pale kuchinja ng'ombe na kukiri mbele ya wafu yale ambayo walio hai waliyanung'unikia.

Kwa hiyo ile miti ilikuwa na kazi. Kila chifu alitawala akiwa anaona kwa macho msitu wa waliomtangulia, na anajua nani wanaoshika njia ya kuuingia. Anayeteremka Iwambi kuelekea Mbalizi na lori lililojaa mzigo hamuulizi utingo kama breki ni nzuri kwa kutazama. Anajua breki ni zile zinazoshika. Utakatifu wa Lubaga ulishika.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wangonde wa Karonga. Hadithi za asili zinasema Kyungu wa Ngonde na Lwembe walikuwa ndugu waliotoka Ukinga pamoja. Kyungu naye alifungiwa juu ya kilima cha Mbande, na alipougua naye alizibiwa pumzi. Miiko ilikuwa ile ile. Lakini Godfrey Wilson, katika andiko lake la mwaka 1939 juu ya katiba ya Ngonde, alionyesha mahali ndugu hawa walipoachana njia. Biashara ya pembe za ndovu ilifika Ngonde kupitia Ziwa Nyasa, na Kyungu akawa ndiye mgawaji wa nguo zilizoletwa kubadilishana na pembe, na baadaye bunduki. Mwenye nguo ana wafuasi, na mwenye bunduki hazibiwi pumzi kirahisi. Polepole Kyungu alitoka katika mikono ya wakuu waliokuwa wakimlinda na kumbana, akawa mtawala wa dunia hii. Lwembe wa Lubaga hakupata biashara hiyo, akabaki chini ya makuhani wake. Ukoo ni mmoja na miiko ni ile ile, lakini mali ilipoingia upande mmoja, kilima hakikuweza tena kumkatalia mtu wake.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Kuuliza kama mahali patakatifu paliwahi kutumiwa na mtawala hakutufikishi popote, kwa sababu kila mtawala mwenye akili atapatumia. Lililo muhimu ni kama pale mahali palikuwa na uwezo wa kumwambia hapana.

Watu wa Andes walilijua hilo vizuri, na wafalme wao pia. Kule Cusco mfalme aliyekufa hakuzikwa. Maiti yake ilikaushwa, ikavikwa, ikahudumiwa na ukoo wake, na mashamba yake yakabaki mali yake. Mfalme mpya alikuta ardhi nzuri imeshikwa na wafu. Pedro Pizarro, Mhispania aliyekuwepo wakati wa uvamizi, aliandika kwamba mfalme Huascar alikasirika, akasema wafu wote wazikwe na vyao vichukuliwe, maana wamekalia kila kilicho bora. Mashamba ya wafu yalikuwa yamemzuia mfalme, na mfalme hakupenda kuzuiwa.

Ndugu yake na adui yake, Atahualpa, alifanya zaidi. Kule Huamachuco kulikuwa na mzimu uitwao Catequil, uliosema kwa kinywa cha kuhani. Juan de Betanzos, aliyeandika mwaka 1551, anasimulia kwamba Atahualpa alituma watu kuuliza habari za vita vyake, na jibu likaja baya: amemwaga damu kupita kiasi. Atahualpa akaenda mwenyewe na jeshi. Akaikata sanamu kichwa, akamuua kuhani mzee, akaamuru kilima chenyewe kichomwe moto. Wanaakiolojia John na Theresa Topic wamefanya kazi miaka mingi katika eneo hilo na wamepatambua mahali pa mzimu ule. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alikuwa mkuu asiyesikia la mlima. Muda si mrefu baadaye, tarehe 16 Novemba 1532, Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, alimkamata mjini Cajamarca akiwa na askari wasiofika 200, na mwaka uliofuata akamnyonga. Sisemi Catequil alilipiza kisasi. Nasema mfalme aliyeichoma sauti ya mwisho iliyothubutu kumpinga aliingia Cajamarca akiwa amezungukwa na waitikiaji watupu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Msomaji Mkristo ataniuliza kama nimeliacha kanisa nikarudi msituni. Hapana. Siamini kwamba Mungu anakaa Lubaga. Siamini pia kwamba anakaa ndani ya jengo letu la bati hapa Iyunga, na Sulemani alilisema hilo siku ile ile alipolizindua hekalu lake. Lakini Biblia imejaa habari za aina hii. Mfalme Uzia, aliyefanikiwa sana, aliingia hekaluni kufukiza uvumba kwa mkono wake. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakasimama mbele yake wakamwambia atoke, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Mfalme Yehoyakimu alisomewa maneno ya Yeremia akiwa ameketi karibu na moto, akayakata vipande kwa kisu na kuyatupa motoni, kama Atahualpa na kilima chake. Kwa hiyo waliotuletea Injili chini ya mlima Rungwe mwaka 1891 walileta kitabu kinachowabana wafalme, katika nchi iliyokuwa na misitu inayowabana machifu. Naamini ndiyo sababu moja ya kitabu hicho kusikilizwa.

Kuna mahali pengine Nyanda za Juu panaponifikirisha kwa namna tofauti kidogo: Mlambalasi, magharibi ya mji wa Iringa. Pale ndipo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, baada ya kuwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, kupoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, na kuishi miaka minne porini akiwindwa. Kaburi lake liko pale. Jirani na kaburi liko pango la mwamba ambalo timu ya Pamela Willoughby ililichimba, ikakuta tabaka juu ya tabaka: vitu vya zama za chuma juu, na chini kabisa zana ndogo za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mfalme mkuu wa Wahehe, kwa hiyo, ni mgeni wa juzi katika makaburi ya Mlambalasi. Ardhi ile ilipokea wafu zamani kuliko himaya yoyote tunayoweza kuitaja, na ilimpokea yeye kama ilivyowapokea wale wasio na jina.

Wajerumani walichukua kichwa chake wakijua kwamba mfu anaweza kutawala. Waingereza nao walilijua hilo. Mwaka 1919 kichwa hicho kiliwekwa katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba kirudishwe. Gavana Edward Twining alilipata fuvu katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, pale Kalenga. Wapo wanaouliza mpaka leo kama fuvu lile kweli ni la Mkwawa, maana lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ukoo. Mimi naangalia jambo lingine. Gavana alileta zawadi akitarajia utii, katika miaka ambayo Kenya ilikuwa inawaka. Alichowapa Wahehe ni kumbukumbu ya mtu ambaye hakutii. Miaka saba baadaye bendera ya Uingereza ilishuka. Fuvu bado liko Kalenga, na kila kiongozi anayekwenda kulitembelea anasimama mbele ya mtu aliyekataa.

Mwaka 1963 serikali yetu ilifuta utawala wa machifu kwa sheria. Sioni kosa, taifa changa lisingeweza kuwa na wafalme mia. Lakini machifu walipopoteza madaraka, misitu ilipoteza kazi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuingizwa tena. Mingine imekuwa mashamba ya viazi na parachichi. Mingine inalindwa leo kwa sababu nyingine: mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira, na ndani yake mwaka 2003 watafiti walimwona kipunji, kima ambaye wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia huku wasomi wakidhani ni mnyama wa ngano. Nafurahi kwamba maji yanalindwa. Hata hivyo mlinzi wa hifadhi anamzuia mkata mbao, wala hana la kumwambia mtawala.

Mtawala naye hajaacha kutafuta baraka. Msimu wa uchaguzi ukifika, wagombea hupita kwa wazee wa mila, huvishwa migolole, hupewa mkuki na jina. Jumapili huja kanisani kwetu, huketishwa mstari wa mbele, na harambee ya paa hutangazwa wakiwa wamekaa. Nimehudhuria nyingi. Mgombea hupongezwa kwa mchango wake, huombewa, hupigiwa makofi na vigelegele. Hakuna anayemuuliza pesa imetoka wapi, na hakuna mzee wa mila anayemwambia arudi nyumbani akatubu kwanza kwa watu aliowanyang'anya mashamba. Lubaga ilimdai mfalme pumzi yake. Sisi tunamdai mgombea mabati, akitoa tunamtakasa. Hilo ni hekalu la Chavín, tena bila ile kazi nzuri ya mawe.

Sidai turudishe matambiko ya kuzibiana pumzi. Damu ile ilikuwa damu ya watu, na namshukuru Mungu imekoma. Ninachodai ni kwamba wazee wetu walielewa jambo ambalo sisi, pamoja na shahada zetu, tumelisahau: mamlaka inahitaji mahali isipopamiliki, penye watu wasiokula kwake, ambapo mkubwa akifika anavua viatu na anaweza kurudishwa mlangoni. Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kujua kama madhabahu unayoipigia magoti ni takatifu, usihangaike kutafuta nani aliijenga wala nani amekaa mstari wa mbele. Uliza mara ya mwisho ilimkatalia nani. Kama haijawahi kumkatalia mwenye cheo wala mwenye pesa, hilo ni jengo tu, na mchango wako ungefaa zaidi kwa mjane jirani yako.